Zamu ya Kukaa na Zamu ya Kuruka: Darasa la Buabua wa Visiwa vya Kiunga



Sifa njema zote ni za Mwenyezi Mungu, Muumba wa bahari na wote wanaoruka juu yake. Rehema na amani zimshukie Mtume wetu Muhammad (S.A.W.), jamaa zake na sahaba zake.

Ama baada ya hayo, wasomaji wapenzi, kila mwaka kusi linapovuma, kuna arusi zinazofungwa kwenye visiwa vya kaskazini mwa pwani yetu bila ngoma, bila pilau na bila deni. Maarusi ni ndege wa baharini. Wanaposana, wanataga, wanaatamia na kulea makinda wao juu ya majabali makavu yasiyo na mti wala tone la maji matamu, na kabla kaskazi halijaingia huwa wamekwisha kazi yao na kutawanyika baharini.

Sisi watu wa pwani tumekua tukiwaona ndege hawa kwa mbali, vitone vyeupe juu ya mawimbi. Wavuvi wetu huwafuata wakitafuta jodari, maana jodari huwasukuma dagaa hadi juu ya maji, na ndege hukusanyika pale pale kuwaokota. Lakini ni wachache kati yetu waliokaa wakawatazama wanavyojenga nyumba. Katika makala haya nataka tuwatazame kwa utulivu, na hasa tutazame jambo moja ambalo nyumba zao zote zimesimama juu yake. Jambo hilo ni zamu.

Visiwa na wenyeji wake

Kuanzia Kiwayu kwenda juu hadi Kiunga, karibu na mpaka wa Somalia, kumepangika mbele ya bara mlolongo wa visiwa vidogo takriban 50. Ni visiwa vya mawe ya matumbawe ya kale. Vingine vina upana wa kuweza kuota vichaka, na vingine ni jabali tupu lililotokeza majini. Mawimbi yamekula sehemu ya chini ya majabali hayo miaka na miaka, hata mengine yamebaki na umbo la uyoga, juu mapana na chini membamba. Mwaka 1979 serikali iliitangaza sehemu hii kuwa Hifadhi ya Bahari ya Kiunga, na mwaka uliofuata ikaingizwa katika orodha ya UNESCO ya hifadhi za viumbe hai.

Mwanadamu akivitazama visiwa hivi huona ukiwa. Ndege huona ngome. Wanyama wa bara walao mayai hawawezi kuivuka bahari ile kwa urahisi, na kusi likiwa kali hata vyombo vidogo vya wavuvi havitoki sana. Kwa hiyo, kati ya Juni na Oktoba, wakati bahari inapokuwa nzito kwetu, ndege hupata faragha yao.

Wengi wa wageni hao ni buabua. Buabua ni jamaa wa shakwe, ila mwili wake ni mwembamba zaidi, mabawa yake yamechongoka, na mkia wake umegawanyika mara mbili kama mkasi uliofunguliwa. Wako wa aina mbalimbali. Mashuhuri kuliko wote hapa ni yule mweupe ambaye kifua chake, msimu wa kuzaa, huingia wekundu hafifu wa waridi. Mdomo wake, ambao siku nyingine huwa mweusi, hugeuka mwekundu kana kwamba ametiwa hina. Uzito wake wote hauzidi sana ule wa mayai mawili ya kuku. Yuko pia buabua wa mgongo mweusi-kijivu ambaye hapendi kutaga peupe. Huyu hutafuta mwanya chini ya ukingo wa jabali na kuliweka humo yai lake moja. Na yuko shakwe wa kahawia mwenye kichwa cheusi, ambaye naye huzaa visiwani humo humo. Huyu ni jirani asiyeaminika, kwani yai au kinda la mwenzake lililoachwa peke yake kwake ni chakula.

Posa ya angani

Agosti moja, nikiwa katika safari ya kuzitembelea madrasa za upande ule, kusi lilipunguza makali kwa siku chache. Nahodha mmoja, mzee wa Kibajuni aliyeijua bahari ile tangu utotoni, akakubali kunichukua baada ya kupata idhini ya maafisa wa hifadhi. Sharti lake lilikuwa moja. Hatutashuka. Tulitia nanga upande wa ndani wa kisiwa kimoja, mahali palipositirika na upepo, tukakaa chomboni na darubini kutoka asubuhi hadi alasiri.

Kelele ndiyo iliyotupokea. Maelfu ya ndege wakisema kwa pamoja, kila mmoja kwa ukali, mfano wa soko la samaki mashua zinapofika. Ilitupasa tukae kitambo kabla macho hayajaanza kutenganisha nani anafanya nini. Wengi walikuwa tayari wamekaa juu ya mayai. Wengine walikuwa na makinda. Na pembeni walikuwako waliochelewa, ambao kwa kawaida ni vijana wanaoanza kuzaa, nao bado walikuwa katika posa.

Posa yao ina sehemu mbili. Ya kwanza ni ya angani. Wawili, na pengine watatu au wanne, hupanda kwa kuzunguka juu, juu zaidi, mpaka wanakuwa vitone. Kisha wawili kati yao hushuka pamoja bila kupiga mabawa, wakiteleza huku na huku, mmoja akifuata mkondo wa mwenziwe kana kwamba wamefungwa kwa uzi usioonekana. Manyoya marefu ya mkia hupepea nyuma yao. Atakayeshindwa kwenda sawa na mwenziwe hujulikana pale pale.

Sehemu ya pili ni ya samaki. Dume huenda baharini, hujitupa majini kichwa mbele, na hurudi na samaki mmoja amemshika kwa kukingama mdomoni. Humzungukia jike, shingo ameinyoosha, kifua mbele. Jike naye huinama na kulia kwa sauti ya kinda anayeomba chakula. Tulimwona dume mmoja aliyemzunguka jike kwa muda mrefu na samaki wake asitake kumtoa. Akimkaribisha, akimnyima, akimkaribisha tena. Mwisho jike alimnyakua samaki, akammeza, akaruka akaenda zake. Nahodha alicheka akasema, "Sheikh, huyu amekula mahari na ndoa amekataa."

Lakini samaki yule si mchezo. Mwaka 1973 mtaalamu Ian Nisbet alichapisha uchunguzi wake juu ya buabua wa jamii ya karibu na hawa, wanaozaa katika pwani ya Marekani. Aligundua kuwa dume aliyemlisha mwenziwe vizuri siku za posa, jike wake hutaga mayai yenye uzito mkubwa zaidi, na dume huyo huyo ndiye anayeleta chakula kingi zaidi makinda wanapozaliwa. Maana yake, samaki wa posa hufanya kazi mbili. Humjenga jike mwili ili aweze kutaga, na humwonyesha jike dume huyu ni mtu wa kazi au ni mtu wa maneno.

Hapo nikakumbuka posa zetu. Siku hizi familia huuliza ukumbi ni upi, mavazi ni ya rangi gani, na magari ni mangapi. Ni nadra kusikia mzazi akiuliza: huyu kijana asubuhi huamka saa ngapi? Akipata shilingi mia, hufanyaje? Mama yake akiugua, nani humpeleka hospitali? Mtume (S.A.W.) alituelekeza kwenye dini na tabia ya mposaji, wala hakutuelekeza kwenye mapambo. Buabua, ambaye hana kitabu wala mwalimu, haangalii anavyopendeza mposaji siku moja. Humtazama akienda na kurudi, akienda na kurudi.

Nyumba isiyo na ukuta

Nyumba ya buabua itakushangaza. Hakuna kijiti, hakuna nyasi zilizosukwa. Ni kishimo kidogo kwenye changarawe, au kipande cha jabali kilicho wazi, na juu yake yai moja au mawili yenye madoa ya rangi ya mawe yenyewe. Ukipita bila kuangalia utayakanyaga.

Basi ni nini kinacholilinda yai hilo? Hakuna paa wala mlango. Kinacholilinda ni mwili wa mzazi aliyepo. Buabua wa waridi huatamia kwa takriban siku 23, na katika siku zote hizo baba na mama hupokezana. Mmoja hukaa, mwingine huenda baharini. Anayerudi hutua kando, hulia, na mwenziwe huinuka taratibu. Yai halibaki wazi isipokuwa kwa kitambo kidogo sana.

Sisi hudhani kuatamia ni kulitia yai joto. Katika visiwa vyetu, kuanzia saa nne asubuhi, kazi inageuka kuwa kinyume chake. Jua la ikweta likipiga jabali, yai lililoachwa wazi huweza kuharibika katika muda mfupi. Tulimwona mzazi mmoja, saa sita juu ya alama, hakuwa amelikalia yai lake bali amesimama juu yake, mabawa ameyafungua kidogo, mdomo wazi akihema, na kivuli chake kimeliangukia yai. Hakutafuta kivuli chake mwenyewe. Yeye ndiye aliyekuwa kivuli. Wapo pia wazazi ambao, joto linapozidi, huenda kulowesha manyoya ya tumbo baharini, kisha hurudi kukaa na unyevu ule ili yai lipoe.

Nilimtazama mwenzake aliporudi. Nusu saa nzima nilikuwa nikijiuliza atakuja lini, na alipofika hakukuwa na mabishano. Aliyechoka aliondoka, aliyerudi akasimama mahali pale pale, kwa mkao ule ule.

Wasomaji wapenzi, si busara kumfanya ndege kadhi. Ndege hana sheria wala hisabu, na wala si nyumba zote za buabua zinazosimama. Wako wanaoacha mayai, na wako wanaobadilisha wenza mwaka hadi mwaka. Hukumu zetu twazichukua kwenye Qur'ani na Sunna. Lakini Mola wetu katika Suratul-An'am ametujulisha kuwa ndege ni umma kama sisi, na mwenye akili hujifunza kwa umma mwingine. Na hili la zamu limo ndani ya dini yetu kabla hatujaliona kisiwani. Katika Suratul-Baqara, Mwenyezi Mungu anapozungumzia kumwachisha mtoto ziwa, amelifanya ni jambo la wazazi wawili kuridhiana na kushauriana. Ziwa ni la mama, lakini uamuzi si wa mmoja. Na bibi Aisha (R.A.) alipoulizwa Mtume alikuwa akifanya nini nyumbani, alijibu kwamba alikuwa katika kuwahudumia watu wa nyumba yake, na ukifika wakati wa Sala hutoka.

Sasa tujiulize. Katika mitaa yetu, ni nyumba ngapi ambazo mmoja ametoka na hakurudi katika zamu yake? Sisemi baba aliye safarini kutafuta riziki, Ghuba au Nairobi, anayepiga simu, anayetuma matumizi, anayewajua watoto wake kwa majina ya walimu wao. Huyo yuko baharini na samaki yuko mdomoni. Nasema juu ya yule aliye mtaani, barazani hadi saa sita za usiku, na mama peke yake amesimama juani. Wake wengi huja kwetu masheikh kulalamika, na mara nyingi shida haianzi kwenye pesa. Husema, "Sheikh, nimechoka, na hakuna wa kunipokea."

Kuna Hadithi maarufu aliyoipokea Tirmidhi kutoka kwa sayyidna Umar (R.A.), kuwa lau tungemtegemea Mwenyezi Mungu ipasavyo, angeturuzuku kama anavyowaruzuku ndege, ambao asubuhi huondoka na njaa na jioni hurudi wameshiba. Wanaume tunaipenda Hadithi hii. Lakini zingatieni: ndege katika Hadithi ameondoka, na ndege amerudi. Asiyeondoka hana tawakkul, ana uvivu. Na asiyerudi, aliowaacha watamngoja nani?

Sauti katikati ya maelfu

Kinda wa buabua akianguliwa huwa tayari ana manyoya laini na baada ya siku chache huweza kutembea na kujificha kwenye nyufa za mawe. Humchukua takriban wiki nne kuruka. Katika wiki hizo wazazi wote wawili huenda na kurudi, samaki mmoja kwa safari moja.

Swali ni hili: mzazi anayerudi na samaki mmoja, kwenye jabali lenye makinda mamia wanaofanana, humpataje wake? Jibu ni sauti. Mzazi hulia akiwa bado angani, na katika kelele ile yote, kinda wake mmoja huinua kichwa na kuitika. Wengine hubaki kimya au huomba bila kupewa. Mara tatu nilijaribu kumfuata mzazi mmoja kwa darubini, na mara zote alishuka pale pale alipoitikiwa.

Sauti hiyo kinda haipati siku ya kuruka. Huizoea tangu siku za mwanzo, kwa kuisikia mara nyingi. Mama na baba wanaosoma makala haya, watoto wetu nao wanakulia katika kelele ya maelfu: simu, runinga, wenzao wa mtaani, na watu wasiowajua wanaozungumza nao kupitia vioo vidogo. Siku moja mtahitaji kuita, na mtoto aitike. Ikiwa sauti yenu ameizoea kwa mazungumzo ya chakula cha jioni, kwa kusomeshwa Juzuu Amma na kwa kuulizwa habari za siku yake, ataitambua. Ikiwa ameijua kwa makaripio tu, itampotea katikati ya kelele.

Na malezi hayaishi siku ya kuruka. Buabua wa waridi huendelea kulishwa na wazazi wake kwa wiki nyingi baada ya kuondoka kisiwani, huku akijifunza kujitupa majini na kukosa, kujitupa na kukosa. Ama buabua wa mgongo mweusi wanaozaliana kwa wingi mno Shelisheli, kinda wao akishaondoka huweza kukaa baharini miaka kadhaa bila kugusa ardhi, mpaka afikie umri wa kuzaa, naye kwa kawaida ni miaka sita au zaidi. Subhanallah. Mama mwenye kijana aliye mbali na alitazame hilo, asikate tamaa.

Mguu wa mwanadamu

Adhuhuri ilipokaribia, kilitokea chombo kidogo cha mashini, na ndani yake vijana wawili na ndoo. Walikuwa wakielekea upande wa pili wa kisiwa, palipo rahisi kushuka. Nahodha wetu akawapungia mkono, wakaja.

"Assalaamu alaykum, ami," wakasema.

"Wa alaykumu ssalaam, wanangu. Mwaelekea wapi na ndoo?"

Wakatazamana. Yule mkubwa akajibu bila kuficha. "Twataka mayai, ami. Siku nne bahari haikutupa kitu. Nyumbani hakuna kitoweo."

Sikuwa na haki ya kumdharau kijana yule, na wewe msomaji usimdharau. Kuokota mayai ya ndege visiwani ni jambo la miaka mingi, na yai lenyewe si haramu kwa asili yake. Nahodha aliwaambia kuwa yeye mwenyewe katika ujana wake aliyaokota. Kisha akawaeleza kwa nini aliacha. Akasema kuwa siku hizo alikuwa akihesabu mayai aliyoyatia kapuni, na hakuhesabu yale aliyoyaacha. Ukishuka, ndege wote huruka kwa mara moja. Wewe umechukua ishirini, lakini mia zimebaki wazi juani. Shakwe wa kichwa cheusi hungoja saa hiyo hiyo, na kaa nao hutoka. Ukikaa sana, ndege huweza kukihama kisiwa kizima, na msimu ule hakuna kinda hata mmoja. "Na ndege wakihama," akamaliza, "nani atatuonyesha jodari alipo?"

Nami niliwasimulia kisa kilichomo katika Sunan ya Abu Daud, kwamba sahaba waliokuwa safarini na Mtume (S.A.W.) waliwachukua makinda wawili wa ndege mdogo, na mama yao akaja akipigapiga mabawa juu yao. Mtume aliporudi aliuliza ni nani aliyemtia uchungu ndege huyu kwa ajili ya wanawe, na akaamrisha warudishiwe. Tazameni, hakuuliza kama nyama yake ni halali. Aliuona uchungu wa mzazi, na uchungu ule ukatosha kuwa hoja.

Kijana mdogo aliuliza swali la haki. "Sheikh, na uchungu wa mama yangu mimi nani ataurudisha?"

Kisiwani kulikuwa na wazazi waliosimama juani, na nyumbani kwa kijana kulikuwa na mama anayengoja. Rehema haiwezi kuwatazama wale na kumsahau huyu. Nilimwambia kuwa swali lake si lake peke yake kulijibu, ni letu sote. Jamii inayomwambia maskini asiguse yai haina budi kumwuliza amekula nini. Nahodha akafungua kapu lake la samaki, akawatilia katika ndoo ile ile changu wawili na vibua kadhaa. Nami niliongeza nilichokuwa nacho mfukoni. Chombo kikageuka, kikaelekea bara. Juu ya jabali hakuna ndege aliyeinuka.

Nimelieleza tukio hili kwa sababu mara nyingi mazungumzo ya kuhifadhi viumbe huletwa kama kwamba ni mambo ya watu wa mbali. Sivyo. Jirani kumwangalia jirani katika siku za kusi, zaka kumfikia mvuvi aliyekosa, kamati ya msikiti kuijua nyumba isiyo na moto jikoni, hayo yote huwahifadhi buabua kuliko kibao chochote cha onyo.

Kwa familia zinazotaka kuona

Safari ya Kiunga si ya kila mtu. Ni mbali, usalama wa eneo la mpakani huhitaji kuulizwa kwanza, na idhini ya Shirika la Huduma kwa Wanyamapori, KWS, ni ya lazima. Lakini si lazima mfike huko. Watamu, kwenye mlango wa hori la Mida, kuna kisiwa kidogo cha jabali ambacho buabua wa waridi na wale wa mapangoni huzaa katika miezi hiyo ya kusi. Mkiwapeleka watoto, shikeni haya machache.

Tazameni kutoka chomboni au ufukweni, msishuke penye viota. Darubini moja yatosha familia nzima, na kupokezana darubini ni somo lenyewe la zamu. Ndege wakianza kuinuka kwa wingi, mmekaribia mno, basi rudini nyuma. Msirushe ndege za kamera juu yao. Na kila mlichokuja nacho, ondokeni nacho. Plastiki na ndara zinazotupwa majini hufika hata kwenye visiwa vile vya mbali. Tangu miaka ya tisini wanawake wa Kiwayu na Kiunga wamekuwa wakiziokota ndara hizo ufukweni na kuzichonga vinyago na mapambo ya kuuza, wakapata riziki katika uchafu wetu. Mwenyezi Mungu awabariki.

Mkisharudi nyumbani, waulizeni watoto walichokiona, na waacheni waseme wao kwanza. Kisha baba na mama, wakishalala watoto, keti pamoja mjiulize swali moja tu: katika nyumba hii, ni nani aliyesimama juani muda mrefu mno, na zamu ya kumpokea ni ya nani? Asiyejua jibu na amwulize mwenziwe. Anayelijua na aanze kesho asubuhi, kwa jambo dogo: kumwogesha mtoto, kuteka maji, kumpeleka mmoja chuoni, kumwacha mama alale baada ya Alfajiri.

Ewe Mola wetu, zijaalie nyumba zetu mapenzi na huruma. Wape wanaume wetu riziki ya halali na moyo wa kurudi, na wape wake zetu wa kuwapokea. Warehemu mayatima na mama wanaolea peke yao, na utufanye sisi kuwa zamu ya pili kwao. Na uvihifadhi visiwa vyetu na kila kiumbe ulichokipa makao humo. Amin.

Wabillahi tawfiq.